Nisaidie Nimwache Mke Wangu

"Mteja wako wa saa tisa ni mpya," Mama Mdogo alisema bila kuinua macho kwenye kikombe chake cha karanga. "Mwanaume. Anakuja peke yake. Shida yake ndoa."

"Anaitwa nani?"

"Amesema atajitambulisha mwenyewe akifika."

"Mama Mdogo, tulishaongea. Mtu asiyetaja jina hapangiwi nafasi."

"Basi huyu nimeshampangia. Ukitaka kunifukuza kazi nifukuze kesho, leo miguu inaniuma."

Mshauri alitabasamu kwa shida, akaingia chumbani kwake. Mama Mdogo huyu alikuwa mdogo wa mama yake mzazi, tumbo moja. Alikuja kumshikia mapokezi kwa muda mfupi tu wakati ofisi inafunguliwa, na huo muda mfupi ukaota mizizi. Hakusomea saikolojia hata dakika moja, lakini wanandoa waliofika wamenuniana, mmoja mashariki mwingine magharibi, huwaambia, "Sogeleaneni jamani, kiti hicho kirefu si cha mikoba." Wengine huingia ndani wakiwa tayari wanazuia kicheko.

Ofisi yenyewe ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la miwani. Cha nje kilikuwa na meza ya Mama Mdogo, feni na redio. Cha ndani kilikuwa na kochi refu la kijani, kiti cha Mshauri kikitazamana nalo, na meza fupi yenye boksi la tishu. Ukutani hakukuwa na picha ya mtu yeyote. Mshauri alikataa makusudi, asitake mteja ajione anakodolewa macho na mtu wa tatu.

Watu wazima walimlilia humo kila siku ya kazi. Wake walioshikwa na wivu, waume walioshikwa na mengine, wachumba waliotaka kujua kama wanafaana, wazee waliokaa pamoja maisha yote na sasa wanagombania rimoti. Wote aliwasikiliza kwa sauti ile ile laini isiyopanda wala kushuka. Mjini alikuwa na sifa. Ukitaka ndoa yako ipone, nenda kwa yule dada wa juu ya duka la miwani.

Yake mwenyewe ilikuwa mahututi, na hakuna aliyejua isipokuwa Mama Mdogo na ukoo mzima wa mumewe.

Mlango ukagongwa. Mshauri akasimama, akanyoosha gauni.

"Karibu sana, karibu u—"

Aliyesimama mlangoni alikuwa mumewe.

Alivaa shati la bluu, lile alilomnunulia yeye. Alikuwa amelipiga pasi mwenyewe, ikaonekana, maana ukosi ulikuwa umekunjamana upande mmoja. Alikuwa amekonda. Tangu mwezi uliopita alikuwa akilala kwa dada yake, na dada huyo, kwa sifa zake zote za kupanga maisha ya watu, ni wazi hakujua kumlisha.

"Samahani," mume alisema. "Ndiyo hapa kwa mshauri wa ndoa?"

"Unafanya nini hapa, Dokta?"

"Nina miadi ya saa tisa."

Mshauri alipiga hatua kuelekea mlangoni akamwite Mama Mdogo, lakini huko nje redio ikapandishwa sauti ghafla. Akaelewa kuwa wameshakula njama. Akaufunga mlango taratibu.

"Siwezi kukuhudumia, unajua. Mshauri hamhudumii ndugu, wala rafiki, wala jirani, sembuse mume. Nina wenzangu wazuri tu. Nitakupa namba."

"Sitaki wenzako."

"Dokta..."

"Sikiliza. Nilioa mke. Siku niliporudi kutoka makaburini, mke sikumkuta, nikamkuta mshauri. Tangu siku hiyo naishi na mshauri. Nakula naye, nalala naye, ananiuliza najisikiaje. Kwa hiyo leo nimekuja huku kazini kwake. Labda huku ndiko mke wangu aliko."

Akaenda kukaa kwenye kochi. Alikaa ukingoni, upande wa mlango. Kazi hii ilikuwa imemfundisha Mshauri kusoma kochi lile kama watu wanavyosoma gazeti. Anayekuja kupatana hukaa katikati. Anayekuja na uamuzi mfukoni hukaa pale pale alipokaa mumewe.

"Shida yako ni nini?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nimekuja unisaidie nimwache mke wangu," alisema yule mwanaume. "Maana bado nampenda, na peke yangu nimeshindwa."

Mshauri mwenye akili timamu angefungua mlango amtoe nje. Mke mwenye akili timamu angempiga nalo lile boksi la tishu. Saa ile yeye hakuwa huyu wala yule. Akakaa kwenye kiti chake cha kazi.

"Kuna jambo lazima ulijue kwanza," mume aliendelea, macho yake kwenye zulia. "Dada yangu na baba mkubwa wangu wapo njiani kwenda kwa baba yako. Wanakwenda kusema imetosha."

"Leo?"

"Leo hii. Lakini nimewaambia, wakifika wakae kimya. Wasitamke neno mpaka baba yako akupigie simu akuulize wewe. Ukisema hapana, wanaaga, wanarudi, na mimi nabeba begi langu narudi nyumbani. Ukisema sawa, basi. Sikutaka usikie kwa watu kwamba umeachwa. Neno la mwisho liwe lako."

Mshauri alitoa simu kwenye mkoba, akaiweka mezani kando ya tishu. Wote wawili wakaitazama.

Hawa walipendana, msomaji, tena si kidogo. Walikutana siku Mshauri alipompelekea paka wa mama yake, aliyekuwa amesusia chakula. Daktari wa mifugo alimpapasa paka yule masikioni, tumboni, mkiani, akasema, "Huyu hana ugonjwa. Ana huzuni. Mtafutie mtaalamu." Mshauri akajibu, "Ndiye mimi." Daktari akainua macho, wakatazamana juu ya mgongo wa paka, na huyo paka akajiendea zake bila wao kumwona. Mpaka leo mama yake Mshauri huwa anawadai paka wake.

"Nielezee kuhusu huyo mke," alisema Mshauri.

"Unavyofanya na wateja wako wote? Kwamba nikisema, unarudia nilichosema kabla ya kunijibu?"

"Ndiyo utaratibu wangu."

"Usinipunguzie. Nifanyie hivyo hivyo."

Utaratibu huo ndio uliomjengea jina. Hapa ndani hakuna kujibizana. Mwenzako akisema neno, kwanza unalirudia kwa kinywa chako, mpaka akubali kwamba umemsikia, ndipo ujibu. Alishaona waume wakubwa wakibubujikwa na machozi kwa sababu tu wamelazimika kutamka kwa midomo yao jambo walilomfanyia mke. Hakuwahi kukaa upande wa pili wa dawa hiyo.

"Tulipata mtoto," mume alianza. "Tulikuwa tumempa jina tangu tumboni. Bondia. Alikuwa anarusha ngumi usiku kucha, mimi naweka mkono pale, namwambia, raundi imeisha, kalale. Miezi saba. Akatoka bila kulia."

Mshauri akarudia. "Unasema mlipata mtoto, mkamwita Bondia. Akatoka bila kulia."

"Nilimzika mimi na wajomba. Alikuwa mwepesi. Mke wangu alikuwa bado kitandani hospitali, hakumwona akiondoka. Nikalia njia nzima. Nikasema, nikifika kwa mke wangu tutalia wote. Hakulia."

"Unasema ulitaka mlie wote." Sauti ilianza kumsaliti. "Unasema mke wako hakulia."

"Hakulia siku ile. Hakulia wiki ile. Jikoni nalia mimi, yeye anavuta kiti, anakaa kwa mbali, ananisogezea tishu. 'Lia, mume wangu. Ni sawa kulia. Nipo hapa.' Kweli yupo, lakini kwenye kiti kingine. Unajua mama yangu alisemaje?"

"Sijui."

"Alisema, 'Mwanamke amemlaza mwanawe ardhini uso mkavu. Machozi hayauzwi dukani, mwanangu. Kama hata hayo amekunyima, atakupa nini?' Nikamgombeza mama. Nilikutetea, Bibie. Nikasema mke wangu ana nguvu tu, ndiyo kazi yake. Halafu nikaenda kukaa kwenye gari, nikajiuliza kama mama hajasema kweli."

Bibie. Hakuwa amemwita hivyo tangu aondoke. Jina lile lilimpiga Mshauri penyewe.

"Rudia," mume alisema.

"Hilo usiniambie nirudie."

"Rudia. Si umesema ndiyo utaratibu?"

"Unasema..." Alishika mikono ya kiti. "Unasema ulikaa kwenye gari, ukajiuliza kama mke wako alimpenda mtoto wake."

Mume aliitikia kwa kichwa. Machozi yakamdondoka kwenye shati la bluu. Mshauri akanyoosha mkono kwenye boksi la tishu kwa mazoea, kisha akautazama mkono wake mwenyewe kama wa mtu mwingine. Akaurudisha.

"Kwa nini alikaa kwenye kiti kingine?" mume aliuliza. "Wewe ni mtaalamu. Nifafanulie mke wangu. Mimi wagonjwa wangu hawasemi, nawajua kwa mikono. Mtu akilia mbele yangu namshika. Sijui njia nyingine."

"Kwa sababu..." Akajikaza, akaanza upya. "Hapa ndani tunafundishwa kwamba mtu anayelia ukimkumbatia haraka, unamwambia aache. Anajifuta, anakushukuru, donge linabaki. Kwa hiyo unamwacha alitoe. Na nilishaona hapo ulipokaa waume wengi mno waliofiwa na watoto. Mke akilia, mume anafunga machozi yake ili ambembeleze. Baada ya miaka wanakuja hapa, wamegeuka mawe. Nikasema wewe usiwe hivyo. Nikasema nikilia mimi, wewe utanyamaza. Nikakuachia nafasi."

"Uliniachia nafasi," mume alisema polepole. "Nyumba nzima ilikuwa nafasi, Bibie. Nilikuwa nasikia mwangwi."

Huko nje redio iliimba wimbo wa mapenzi wa kipuuzi, halafu ikatangaza sabuni. Mume akacheka kidogo katikati ya machozi.

"Huyu mama yako mdogo atatutoboa masikio. Siku hizi hasikii?"

"Anasikia kuliko mimi na wewe. Hupandisha redio ninapolia."

Yule mwanaume akageuka mzima mzima. "Unapofanya nini?"

"Wateja wanapopishana. Akitoka mmoja, kabla hajaingia mwingine. Kuna siku nilikaa chini pale nyuma ya kochi, na watu wawili wanasubiri hapo nje. Akawaambia nipo kwenye simu. Akapandisha redio." Alijaribu kutabasamu. "Nimelia hapa mpaka zulia limepauka, Dokta. Nilikuwa najiosha uso, narudi nyumbani kukuuliza unajisikiaje."

"Ulikuwa unalia." Aliyasema maneno yale kwa shida. "Ulikuwa unalia, hukunipa hata siku moja nikaona."

Sasa yeye ndiye aliyekuwa akirudia.

"Na siku ile?" aliuliza tena. "Siku uliporudi kutoka hospitali. Nilikufungulia mlango, nikafungua mikono. Ukaniambia, 'Usinishike.' Hiyo nayo ilikuwa utaalamu?"

Mshauri alifumba macho. Hilo hakuwahi kumwambia mtu, hata Mama Mdogo.

"Maziwa yalikuwa yametoka," alisema.

Mume hakuelewa mara moja.

"Asubuhi ile, kabla gari halijaja kunichukua hospitali. Hakuna aliyenitayarisha, au waliniambia nikawa sisikii. Kifua kiligeuka jiwe. Nilikuwa nimejifunga kitambaa chini ya gauni, na kitambaa chenyewe kimeshalowa. Ungenishika ungelowa na wewe. Wewe ndiye uliyemweka chini kwa mikono yako, Dokta. Ningekuambiaje kwamba mimi mwili wangu bado unamngoja? Kwamba unamwandalia chakula? Nilikuwa naingia bafuni nafungulia maji, usisikie, nakamua kwenye sinki. Namwaga. Kila siku namwaga chakula cha mtoto wangu."

Hapo ile sauti yake laini ikakatika. Alilia bila haya, mdomo wazi, mabega yakipanda na kushuka, gauni lake zuri la kazini likilowa kifuani. Ule uso mkavu aliosimangwa nao ukoo mzima ulikuwa umejaa maji mpaka kidevuni.

Mume alikuwa ameshasimama. Alivuka meza ile fupi kwa haraka hata simu ikaanguka juu ya zulia, akapiga magoti mbele ya kiti cha Mshauri, lakini mikono yake ikasita hewani, haijui kama inaruhusiwa.

"Mimi," alisema, "mimi naitwa mazizini kila siku. Nikifika mahali ndama amekufa, jambo la kwanza namwambia mwenye ng'ombe, mwangalie mama, maziwa yatamtesa. Sijawahi kulisahau hata siku moja. Kwa ng'ombe wa watu! Na mke wangu ndani ya nyumba yangu..." Akajishika kichwa. "Nisamehe, Bibie. Sikulinganishi na..."

"Nilinganishe tu," alisema mkewe, akilia na kucheka kwa pamoja. "Angalau ng'ombe waliulizwa."

Ndipo mume akamshika. Alimvuta kutoka kwenye kiti cha kazi, wakakaa chini kwenye zulia, kichwa chake kifuani mwa mumewe, na wakamlilia Bondia wao pamoja kwa mara ya kwanza. Mume alimnong'oneza jinsi mtoto alivyokuwa. Alimwambia kwamba nywele zilikuwa nyingi, kwamba ngumi zote mbili zilikuwa zimefumbwa. Mke akataka kujua kidole gumba kilikuwa ndani ya ngumi au nje. Mume akafikiri, akasema ndani. Mwanamke akaitikia kama mtu aliyepewa maji baada ya safari ndefu.

Tuseme ukweli, alimtaka mume wake. Alimtaka vibaya. Shingo yake ilinukia ile dawa ya kuoshea mifugo ambayo hakuna sabuni iliyowahi kuishinda, na pale chini alijiambia kwamba yameisha. Mlango umefunguka. Simu ikilia atasema hapana, watu wa mumewe watakunywa maji kwa baba yake na kuaga, na jioni kutakuwa na viatu viwili vikubwa mlangoni kwake.

Akainua uso. Mumewe alikuwa akitazama dirishani.

Kama asingekuwa na kazi ile, asingeona kitu. Angeona mwanaume aliyechoka kwa kulia, basi. Lakini alikuwa amekaa miaka akitazama nyuso za watu baada ya kuambizana ukweli, na alijua uso wa anayerudi na uso wa anayeaga.

"Dokta."

"Naam."

"Nikisema hapana, utarudi nyumbani?"

"Nitarudi. Nimekupa neno langu."

"Sikuulizi neno lako. Kesho itakuwaje?"

Mkono wake uliendelea kumpapasa mke wake mgongoni, polepole, kama anavyowatuliza wale wasiosema.

"Usinionee huruma," mke alisema. "Nimechoka kuonewa huruma, hata na mimi mwenyewe. Sema."

"Kesho nitaamka mapema," alisema hatimaye. "Nitachemsha chai. Nitakaa pale mezani, nitakungoja uniulize najisikiaje, ili nikudanganye kwamba vizuri. Nimekusikia leo, Bibie, na nimeamini kila neno. Ningelisikia siku ile mlangoni, ningekubeba mpaka ndani. Lakini nimeishi mwaka mzima nikiwa nimefiwa peke yangu. Nilizoea. Kwa dada kule, juzi, nilijikuta napiga mluzi bafuni. Nikaogopa. Nikakumbuka sijapiga mluzi tangu... na nikajua nikirudi kwenye nyumba ile utakoma tena." Akamgeukia. "Nakupenda. Sijui kwa nini haitoshi. Wewe uliyesoma, kwa nini haitoshi?"

Wangapi walishamuuliza Mshauri swali hilo hilo, na yeye akawajibu maneno mazuri ya vitabuni! Leo alilisikia likiulizwa kwake, akaona jinsi yale maneno yote yalivyokuwa mepesi.

Simu ikalia pale chini kwenye zulia, ikitetemeka na kujizungusha.

Wote wawili waliitazama. Jina la baba yake liliwaka kwenye kioo. Mume alitoa mkono wake mgongoni mwa mkewe, akasimama, akajipangusa magoti. Akamnyooshea mkono kumwinua, na alipomwinua hakuuachia mkono ule mara moja.

"Ukiniambia nirudi, narudi leo," alisema. "Sitakulaumu hata siku moja."

"Najua hutanilaumu."

Na kwa sababu alijua, akapiga moyo konde, akapokea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Samahani kukukatisha kazini." Sauti ya mzee ilikuwa chini, ya mtu aliyejiiba chumbani. "Nina wageni hapa. Dada wa mumeo na mzee mmoja wa kwao. Wamekaa kama wamefiwa, chai hawajagusa. Wanasema hawawezi kusema walichojia mpaka nikuulize wewe. Kuna nini?"

"Wamekuja kuongea kuhusu ndoa yangu, baba. Wanataka ikome."

Mzee alivuta pumzi. "Na wewe? Niwafukuze? Sema tu, mwanangu, mimi mzee lakini mlango wangu naujua ulipo."

Alitaka kucheka, alitaka kupiga kelele. Neno moja tu, hapana, lilikuwa pale ulimini, limeiva. Alimtazama mumewe. Alikuwa amesimama katikati ya chumba na ukosi wake uliokunjamana, uso wake umelowa, amejiandaa kweli kutii. Angerudi. Angechemsha chai. Angekaa miaka mingine thelathini mezani pale akijibu vizuri, na yeye, mkewe, anayesikia watu kwa kazi, angesikia kila asubuhi.

Mwanaume huyu alikuwa amemwomba jambo moja tu. Wengine humo ndani aliwasaidia mambo makubwa zaidi ya hilo.

"Usiwafukuze, baba. Wape nafasi waseme. Wakimaliza, waambie nimekubali."

"Umekubali?"

"Nimekubali. Hakuna aliyenilazimisha. Hakuna aliyenipiga wala kunitukana. Usiwagombeze."

Mume alifunika uso kwa mikono. Hakutoa sauti, ila mabega yake yalitikisika kwa muda, halafu yakashuka. Yalishuka chini kabisa, kama ya mtu aliyetua gunia, na Mshauri akaona kwa macho yake kwamba hakukosea. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Kwenye simu, nyuma ya mzee, ilisikika sauti ya mlango, na kijiko kwenye kikombe.

"Nakuja kukuchukua," alisema baadaye. "Nikimalizana na hawa nakuja. Usiendeshe gari leo. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Uko peke yako hapo, mama?"

Yule mwanaume alikuwa ameshafika mlangoni. Mkono wake ulikuwa juu ya kitasa, mgongo ameugeuza, lile shati la bluu limechomoka kidogo nyuma. Mshauri akamtazama kuanzia kisogoni mpaka viatuni.

"Hapana, baba," alisema. "Niko na mume wangu."

Mume alilisikia. Hakugeuka, ila hakufungua mlango pia. Alisimama pale pale, kichwa ameinamisha, mpaka mkewe alipomaliza kuzungumza na kukata simu, ndipo akakizungusha kitasa na kutoka.